Maneno Ambayo Hayakuwa Kwenye Daftari

Wiki iliyopita nilikuwa napaka rangi viatu vya msichana wangu, vile vyeusi vya shule, na nilipofungua kikopo ile harufu ikanifanya niweke brashi chini. Si harufu mbaya. Ni nta na mafuta, ile inayokaa kwenye vidole hadi kesho yake hata ukinawa na sabuni ya kipande. Wengine wakiisikia wanakumbuka mwalimu wa zamu na kukaguliwa kucha. Mimi namwona baba yangu akiwa na ndevu ambazo hakuwa nazo, amechorwa kwa kidole kutoka sikio hadi sikio, amesimama juu ya meza sita zilizosukumwa pamoja, anamwangalia dada yangu kama mtu aliyekosea nyumba. Nilikuwa darasa la tano. Sasa niko na mtoto wangu mwenyewe na ile siku bado haijanikalia sawa kichwani. Naandika nikiwa na hasira, nisidanganye mtu.

Wale mliokua kule juu Kathiani miaka ile, kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni, mnajua vile mchezo wa kuigiza ulikuwa jambo kubwa. Watu walikuja na viti vyao. Mchezo wenyewe ulikuwa wa Wajerumani. Mwalimu Nzioka, aliyefundisha sekondari ya kutwa pale karibu na kanisa letu, alikuwa ameenda kusoma Ujerumani mwaka mmoja, akarudi na koti refu alilovaa hata mwezi wa kwanza jua likichoma, na kitabu. Alisema ni mchezo wa zamani sana, kwamba kule kila mtoto wa shule anaujua. Akaketi likizo nzima akautafsiri kwa mkono, kwa Kiswahili, madaftari matatu.

Hadithi haikuwa ngumu. Kuna fundi wa saa, mke wake amekufa, ana wasichana wawili. Yule mkubwa anataka kuolewa na mwanaume ambaye baba hamtaki kwa sababu si wa watu wao. Wanakaa mezani wanakunywa supu, wanagombana, mwishowe baba anamfukuza msichana. Hiyo tu. Hakuna vita, hakuna mfalme, ni watu wa nyumba moja wanaumizana kwa maneno. Sisi watoto tulichoshangaa ni supu. Kwetu supu ilikuwa kitu cha wanaume hotelini, ya kichwa cha mbuzi, na hawa Wajerumani walikuwa wanainywa na watoto wao huku wanalia.

Shida ilikuja kwa nani awe baba. Vijana wa kanisa walikuwa tayari kuigiza, lakini hakuna mzee aliyekubali msichana wake asimame mbele ya watu aambiwe "toka nyumbani kwangu" na mwanaume mwingine. Kwetu mzazi hasemi hivyo ovyo, na asiye mzazi hana ruhusa ya kusema kabisa. Mwalimu Nzioka akafikiri siku mbili, akaja nyumbani na jibu ambalo alidhani ni la akili sana. Kama shida ni baba wa bandia, basi tuweke baba wa kweli. Baba yangu alikuwa mjane, alikuwa na wasichana wawili, na alikuwa katekista aliyezoea kusimama mbele ya watu. Mwende, dada yangu, alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa mdogo wa kutosha. Tukawa familia ya fundi wa saa bila kubadilisha chochote, hata majina, kwa maana yale majina ya Kijerumani yalikataa kukaa mdomoni. Na kwa sababu ya akina mama wazee ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni, Mwalimu alisema kila jambo zito lirudiwe kwa Kikamba.

Baba alijifunza maneno yake shambani. Ilikuwa wakati wa kuvuna kahawa, yeye na karai lake katikati ya mistari, mimi nimekaa kwenye ukingo wa tuta na daftari magotini.

"Kanini, hapo nasema nini?"

"'Unalia nini, mimi sijasema neno bado.'"

"Huyu Mjerumani ni mkali kuliko mimi," anasema, na anacheka, na anarudia na sauti ya kanisani mpaka ndege wanaruka.

Nilimpenda sana kipindi kile. Sitaki kuficha. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na yale madaftari yalimpa kitu cha kuniambia. Jioni moja akaweka karai chini akaninyooshea kidole. "Nikisahau siku hiyo mbele ya watu, ni wewe umenifunza vibaya." Alikuwa anatania. Mimi niliibeba kama sheria.

Na Mwende alikuwa anajifunza kuliko wote, au nilidhani hivyo. Nilimkuta nyuma ya ghala akilia hata siku ambazo hakukuwa na mazoezi, nikasema huyu ataigiza vizuri kuliko watu wa redio. Jumatatu na Ijumaa alienda soko la Machakos kuuza maparachichi, na alirudi na tende zimefungwa kwenye gazeti, tunakula mimi na yeye tukiwa tumejificha, na sikuuliza zimetoka wapi. Halafu nikaanza kuwasikia yeye na baba chumbani, sauti za chini, za haraka. Baba akisema, "Msomali, Mwende? Mimi nitasimama madhabahuni niseme nini?" Mwende akisema, "Ana jina. Anaitwa Hassan."

Nilichukua daftari nikatafuta ukurasa huo. La kwanza, la pili, la tatu, nikaukosa. Basi nikaamua kwamba Mwalimu ameandika daftari la nne, la watu wazima, ambalo mimi sijaonyeshwa. Hilo liliniuma. Nilinuna siku tatu, na Susu, bibi yetu mzaa baba, ambaye ndiye aliyetulea tangu mama afariki, akaniuliza kama niko na minyoo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya misa ya pili. Ukumbi ulikuwa wa mabati, joto, watu wamebanana hadi madirishani. Mwalimu alipaka baba ndevu kwa rangi ya viatu. Mimi nilivaa rinda la ekaristi yangu ya kwanza, likiwa limenibana kwapani. Tulianza vizuri. Watu walicheka kwenye supu, wakanyamaza kwenye ugomvi. Kila baba alipofungua mdomo mimi nilisema maneno yake kimoyomoyo pamoja naye, na hakukosa hata moja, nikaona nimemfunza vizuri.

Tukafika mwisho. Baba alipaswa kusimama, anyooshe mkono, aseme: "Toka nyumbani kwangu, na jina langu uliache hapo mlangoni." Kisha aseme hivyo hivyo kwa Kikamba. Kisha mimi, nikiwa nimekaa na bakuli langu, niseme maneno ya mwisho ya mchezo wote: "Baba, supu inapoa." Mwalimu alisema hapo ndipo Wajerumani hulia.

Baba alisimama. Akanyoosha mkono. Lakini hakumwangalia Mwende, alimwangalia mtu nyuma kabisa ya ukumbi, juu ya vichwa. Nilidhani anamtafuta Mwalimu amkumbushe. Nilimwonea huruma nikamnong'oneza, "Toka nyumbani kwangu." Hakunisikia. Nikageuka nione anachoona, na karibu na mlango kulikuwa na kijana mrefu mwenye shati jeupe, mkononi ana kofia. Mwende naye alikuwa amemwona. Alikuwa ameacha kuigiza. Uso wake ulikuwa ule wa nyuma ya ghala.

Baba akamgeukia Mwende, akaruka Kiswahili chote akaingia Kikamba moja kwa moja. Akasema, "Mwende, mtoto wa nyumba yangu, nenda. Na watoto utakaowapata huko, wasikue."

Sauti haikuwa ile ya kanisani. Ilikuwa ndogo.

Mimi nilikuwa nangoja "mlangoni." Lile neno ndilo lilikuwa langu, bila hilo sijui pa kuingilia. Nikangoja. Ukumbi wote ulikuwa kimya, mtoto mmoja alikuwa analia huko nje. Baba bado ameinua mkono. Nikaona asipookolewa watu watajua amesahau, na watauliza ni nani alimfunza. Nikasema kwa nguvu zangu zote, "Baba, supu inapoa."

Watu wakacheka. Wakapiga makofi, wengine wakasimama. Mwalimu akavuta pazia, lile shuka la maua la mke wake. Nikashuka kwenye meza nikijiona nimeokoa kila mtu.

Sasa wale wasio wa kwetu nitawaeleza jambo moja. Kuna kitu tunakiita kiumo. Ni laana ya mzazi, na haihitaji mganga wala dawa, inahitaji mdomo wa mzazi na jina la mtoto. Ikishatoka, ni yeye mwenyewe anayeweza kuiondoa, amtemee mtoto mate ya baraka kifuani na kusema maneno mazuri badala ya yale. Watu wa kanisa husema wameacha mambo hayo. Baba alihubiri kwamba tumeacha. Lakini sikumwona mama hata mmoja pale Kathiani, mwenye rozari au asiye na rozari, ambaye angemtamkia mtoto wake kitu kama kile hata kwa utani.

Susu alikuwa amekaa mstari wa mbele siku hiyo. Yeye hakucheka.

Jumatatu nilipotoka shule nikawakuta jikoni wote watatu, Susu kwenye kigoda, baba amesimama mlangoni na kofia yake, Mwende anachambua maharagwe bila kuyaangalia. Susu akaniita nikae kando yake.

"Kanini. Yale baba yako alisema jana kuhusu watoto. Yalikuwa kwenye kitabu cha Mzungu?"

Nikamwangalia baba.

"Usimwangalie huyo. Huyo na Mwende siwaulizi, hao ndio wenye kesi. Na yule mwalimu nimemuuliza asubuhi, ananiambia mchezo ni mchezo, kama mimi ni mtoto. Wewe ndiye ulikuwa unashika kile kitabu kila jioni. Kama ni maneno ya Mzungu, yatarudi kwake huko baharini, hayatuhusu. Kama ni ya mwanangu Musyoka, Musyoka atayaondoa leo kabla jua halijaingia, katekista au si katekista."

"Mama, haya mambo ya giza," baba akasema.

"Nyamaza. Nilikuzaa nikiwa kwenye giza hilo."

Mwende aliinua macho akaniangalia. Nimeyarudia yale macho mara nyingi, na kila mara nayasoma tofauti. Siku zingine naona ananiomba niseme ukweli. Siku zingine naona amechoka tu na anataka kujua mapema.

Nikajibu, "Yalikuwa kwenye kitabu."

Je, nilidanganya? Hapo ndipo huwa nachanganyikiwa hadi leo. Kwenye madaftari matatu hayakuwepo, hilo nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini lile la nne, la watu wazima, nilikuwa sijalifuta kichwani. Na niliogopa. Nilidhani kesi ni ya kusahau. Nilidhani nikisema hayakuwepo, baba atachekwa kwamba alisahau na kubuni, na mimi nitachapwa kwamba nilimfunza vibaya. Kwa hiyo nilimfunika. Niliona ninamfanyia baba yangu kitu kizuri.

Lakini yeye alijua. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na haitoki. Mtu mzima, miaka hamsini, msomaji wa neno, alisimama pale mlangoni akasikia mtoto wa darasa la tano akimbebea, na hakufungua mdomo. Alivaa kofia. Akasema, "Basi," akaenda kwenye ng'ombe.

Susu alinishika kidevu, akaniangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Haya. Nenda ukale."

Mwende aliondoka Alhamisi hiyo na mfuko mmoja. Alinisuka nywele kwanza, mistari minane, akivuta hadi macho yakatoka machozi, na hakusema anaenda wapi. Baadaye tulisikia ameolewa na Hassan na wanaishi Kithyoko, kule chini kwenye joto, Hassan na mjomba wake wananunua mbuzi na kupeleka Machakos. Si mbali. Ungeondoka asubuhi ukafika mchana. Lakini kwetu jina lake halikutajwa mezani tena. Mwalimu Nzioka alihamishwa, koti na vitabu vyake vikaenda naye. Hakuna mchezo mwingine uliochezwa kwenye ukumbi ule nikiwa pale.

Mimi nilikua na lile neno tumboni. Nilipofika sekondari nikaelewa kiumo ni nini hasa, na maneno yenyewe yalisema nini, na nikaanza kuhesabu. Nilikuwa nasikia kwa watu wa soko kwamba Mwende ana mimba, na nilikosa usingizi hadi nisikie amejifungua. Mtoto akipata malaria kule Kithyoko, mimi ndiye nilikuwa nafunga na kuomba huku bwenini, bila kumwambia mtu. Nilipomzaa wangu, hali ikawa mbaya zaidi. Nilimshika siku ya kwanza, nikafikiri, kuna mwanamke ambaye watoto wake niliwafungia mlango kwa neno moja. Mimi ni mtu niliyesoma hadi kidato cha nne. Najua mbu ndiye analeta malaria. Kujua hakunisaidii saa nane usiku homa ya mtoto ikipanda.

Basi wiki iliyopita, baada ya ile harufu ya rangi, nikaacha viatu hapo chini nikampigia Mwende simu. Tumekuwa tukisalimiana kwa miaka kadhaa sasa, mambo ya juu juu, mvua na watoto. Siku hii sikusalimu.

"Mwende, yale maneno ya baba hayakuwa kwenye daftari. Nilidanganya Susu."

Nikasikia redio ya kwake ikipunguzwa.

"Kanini, umekunywa?"

"Nimepaka viatu. Nisikilize. Hayakuwepo. Kama ningesema ukweli angekuondolea siku ile ile."

"Najua hayakuwepo, nilikuwa nimeyasoma yale madaftari." Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Susu alikuja hapa."

"Alikuja wapi?"

"Hapa Kithyoko. Nikiwa na mimba ya Yusuf, ya miezi sita. Peke yake, na kiondo chake, na miguu imevimba. Akaniambia, 'Yule mtoto alidanganya, nilimwona.' Akachukua maji mdomoni akanitemea kifuani, akanitemea tumboni. Akasema yeye ndiye alimzaa aliyesema, kwa hivyo neno lake liko juu ya lile. Kisha akala wali, akalalamika hauna chumvi, akarudi siku hiyo hiyo."

Susu tulimzika nikiwa kidato cha pili. Alikuwa ameishi na mimi kwenye chumba kimoja miaka yote hiyo, hata likizo nilipotoka bwenini, anasikia nikigeuka kitandani.

"Kwa nini hakuna mtu aliniambia?"

"Tukuambie nini? Susu alisema tukuache, ulikuwa mtoto, utasahau." Nikasikia mtu anamwita kule kwake. "Kwani hukusahau?"

Nilikata simu kabla sijamwambia kitu kibaya. Nilizunguka nyumba. Nilikuwa na furaha na nilitaka kuvunja sahani, vyote pamoja. Watoto watatu wa dada yangu walikuwa salama tangu kabla hawajazaliwa, kama unaamini hivyo, na kama huamini basi hawakuwahi kuwa hatarini. Vyovyote vile, hakukuwa na mzigo, na mimi ndiye peke yangu niliyekuwa nimeubeba. Halafu nikasimama katikati ya sebule. Hapana. Si peke yangu.

Jumamosi nikapanda kwenda Kathiani. Baba amezeeka, mguu mmoja unaburuta, lakini bado anavaa tai akienda kanisani. Nilimpikia chai. Tukaongea habari za kahawa, ambayo ameing'oa akapanda maembe. Na kama kila mara ninapokwenda, akaniuliza akiangalia pembeni, "Na wale wa Kithyoko?"

Huwa najibu wazima, tunaendelea. Kwa miaka yote nilidhani ni salamu.

"Wazima," nikasema.

"Watoto?"

"Wazima pia."

"Yule mkubwa?"

"Baba, kwa nini wasiwe wazima?"

Aligeuza kikombe kwenye meza, mkono wa kikombe ukielekea kwake, kisha ukielekea kwangu. Nilingoja. Nilimpa muda mrefu kuliko niliopewa mimi jikoni. Nilikuwa tayari, aseme tu sentensi moja, hata nusu, nami ningemwambia kuhusu mama yake na kiondo na yale maji, angelala vizuri usiku huo kwa mara ya kwanza tangu nikiwa darasa la tano.

"Nauliza tu," akasema.

Nikaosha vikombe. Nikamfungia jiko, nikamwekea maji ya kuoga, nikamuaga vizuri kama mtoto aliyelelewa. Nilipofika barabarani miguu ilikuwa inataka kurudi, nasema ukweli. Sikuirudisha.